Shajara ya mradi: ni familia ngapi zinafikiwa na unasihi wa ulishaji wa watoto?

14 Januari: swali lenyewe

Mradi huu una swali moja. Kati ya familia zote zenye mtoto wa chini ya miaka miwili katika eneo letu la kazi, ni ngapi zimepata mtu wa kukaa nazo na kuzungumza nazo kuhusu kumlisha mtoto huyo? Ripoti za kila mwezi hazilijibu. Zinataja vikao vilivyofanyika, vipeperushi vilivyogawiwa na akina mama "walionasihiwa". Asiyeguswa kabisa hana safu yake kwenye ripoti, na mimi huyo ndiye ninayemtafuta.

Shajara hii ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kufanya kazi kama hii kwao. Mambo ya kawaida kama vibali, barua za utambulisho na mafunzo ya wasaili nitayapita upesi. Nitakaa zaidi pale tulipokwama.

Tumeanzia kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2018 kuhusu unasihi wa unyonyeshaji. Unataka mama apewe unasihi angalau mara 6: wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua na siku 2 hadi 3 zinazofuata, wiki ya 1 hadi ya 2, ndani ya miezi 3 hadi 4 ya mwanzo, mtoto anapotimiza miezi 6 na chakula cha nyongeza kuanza, na baada ya hapo. Kila nafasi ina shida zake. Siku ya pili mama anahangaika mtoto ashike titi vizuri. Mwezi wa tatu anahisi maziwa hayatoshi. Mwezi wa sita anauliza aanze na chakula gani, na mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo neno "amefikiwa" peke yake halitutoshi: aliyesemeshwa mara moja akiwa mjamzito na aliyeshikwa mkono nafasi zote sita wanaingia kwenye hesabu moja.

22 Januari: tulianza na rejesta, hazikufaa

Njia rahisi tuliijaribu kwanza: kuchukua rejesta za kliniki na za wahudumu wa afya ya jamii, kujumlisha walionasihiwa, kisha kugawanya kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwepo. Gharama yake ni ndogo, kazi inafanyika mezani. Ilishindikana kwa sababu tatu, na ninaamini yeyote atakayeijaribu atakutana nazo.

Ya kwanza, rejesta inahesabu mahudhurio, haihesabu watu. Vikao 600 vinaweza kuwa familia 600, au familia 100 zilizokuja mara sita sita. Karatasi haikuambii ni ipi. Kadiri mhudumu anavyomfuatilia mama mmoja kwa uaminifu, ndivyo anavyoonekana amefikia wengi.

Ya pili ni namba ya chini ya sehemu. Makadirio ya watoto hutoka kwenye sensa iliyosogezwa mbele kwa kasi ya ongezeko la watu. Eneo likihamiwa au likihamwa, makadirio yanabaki nyuma. Kliniki zilizo mpakani hupokea akina mama wa maeneo jirani, nao wanaingia juu ya sehemu wakati watoto wao hawamo chini. Ndiyo maana tulipata vituo vilivyovuka asilimia 100. Namba ya namna hiyo ni nafuu kwa sababu inajionyesha kuwa mbovu. Inayonitisha ni ile inayotoka asilimia 70 kwa makosa mawili yaliyofutana.

Ya tatu tuliiona kwa macho. Katika kituo kimoja safu ya "unasihi wa ulishaji" ilikuwa na alama za vyema kutoka juu hadi chini ya ukurasa, wino mmoja, mlalo mmoja, ilhali safu nyingine za ukurasa huo zina wino tofauti na mapengo ya hapa na pale. Alama hiyo ilikuwepo hata kwenye mstari ambao jina lake limekatwa. Simlaumu muuguzi. Ana foleni mlangoni na rejesta nyingi za kujaza, na safu hii haina mahali pa kuandika kilichosemwa, basi inajazwa jioni kwa pamoja.

Rejesta tumezibakiza kwa kazi moja tu: kuona mzigo wa kila mhudumu. Hesabu ya waliofikiwa itaanzia kwa mtoto, nyumbani kwake.

5 Februari: nini kihesabiwe

Kikao kirefu kuliko vyote mpaka sasa. Ubishi ulikuwa juu ya somo la afya la asubuhi, lile ambalo muuguzi anasimama mbele ya akina mama wote waliokaa kwenye benchi. Wenzangu wawili walitaka lihesabiwe, na hoja yao ina uzito: kwa akina mama wengi hilo ndilo pekee wanalopata. Hoja yangu ni kwamba unasihi una kusikiliza ndani yake. Mnasihi anauliza mtoto ananyonyaje, anatazama, anapima shida ya mama huyu, wanakubaliana jambo moja au mawili la kwenda kujaribu. Somo la benchini halijui mama yupi chuchu zimepasuka.

Tulichokubaliana ni kutolazimisha jibu moja. Dodoso litapima ngazi tatu, kila moja na namba yake:

kwanza, amesikia lolote kuhusu ulishaji kutoka kwa mtoa huduma, likiwemo somo la pamoja. Pili, amezungumza ana kwa ana na mtoa huduma kuhusu mtoto wake mwenyewe. Tatu, mazungumzo hayo yalifanyika katika umri uliopangwa, yakagusa jambo la umri huo, na kwa mtoto mchanga kuna mtu aliyemtazama akinyonya.

Wazo la ngazi si letu. Tanahashi aliandika mwaka 1978, katika jarida la WHO, kwamba huduma ina tabaka za ufikiaji: ipo, inafikika, inakubalika, imetumika, imefanya kazi. Idadi inapungua kutoka tabaka moja hadi lingine, na pale inapopungua ghafla ndipo pa kwenda kutengeneza.

Jambo jingine lililoamuliwa siku hiyo: hatuulizi hali ya VVU. Tunajua mama anayeishi na VVU anahitaji unasihi wa ziada unaoendana na dawa zake, lakini msaili anayegonga mlango mchana, mkwe akiwa ameketi pembeni, hana haki ya kulifungua jambo hilo.

19 Februari: dodoso la kwanza lakataliwa

Swali la kwanza lilisomeka: "Je, umewahi kupata unasihi kuhusu ulishaji wa mtoto?" Katika majaribio karibu kila mama alijibu ndiyo. Tungeishia hapo tungeandika ripoti ya kupendeza.

Tuliwaomba wasaili waongeze swali moja la wazi, "hebu nieleze ilivyokuwa," kisha wakae kimya. Ndipo majibu yakaanza kutawanyika. Wapo waliosimulia somo la benchini. Wapo waliosimulia mtoto wa kwanza, ambaye sasa anasoma shule. Wapo waliosema ndiyo kwa heshima. Msaili amevaa sare ya kituo, na mama haoni vyema kumwambia mtu wa kituo kwamba hakufundishwa.

Jibu moja lilitusimamisha. Mama alieleza vizuri sana: alikaa na dada mmoja kwa muda, dada akamwuliza umri wa mtoto, akamweleza kuhusu uzito, akampa na kopo la maziwa ya unga la kuanzia. Aliyekuwa akimnasihi alikuwa mwuzaji wa maziwa hayo. Kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981, inakataza watu wa mauzo kuwafuata wajawazito na akina mama, na inakataza kuwapa sampuli za bure. Kwa dodoso letu la kwanza, mama huyu alikuwa "amefikiwa". Alikuwa amefikiwa kweli, ila na mtu ambaye mradi mzima upo kumkinga mama dhidi yake.

Marekebisho:

Neno unasihi limetoka kwenye swali. Sasa tunauliza kama kuna mtu aliyezungumza naye kuhusu namna ya kumlisha mtoto huyu au chakula cha kumpa, tukimtaja mtoto kwa jina. Hilo linamwondoa kaka yake aliye shuleni.

Muda umewekwa mpaka. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23 tunauliza miezi 6 iliyopita, kama zinavyouliza tafiti kubwa za kitaifa za afya na idadi ya watu siku hizi, ili namba zetu zilinganishike. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 tunauliza tangu azaliwe, na siku mbili za mwanzo tunaziuliza peke yake.

Baada ya "ndiyo" kunafuata nani, wapi, na alisema nini. "Nani" ina nafasi ya mwuzaji, na jibu hilo linahesabiwa kando. "Alisema nini" inaulizwa bila kusoma orodha; msaili anaweka alama kwa yale mama anayoyataja mwenyewe, ndipo anaruhusiwa kuuliza "na lingine?" Tukimsomea orodha atakubali yote.

Sare zimevuliwa. Hakuna mhudumu anayesaili katika eneo analolihudumia. Hili lilituletea usumbufu wa usafiri, na lilistahili.

Swali la "alikutazama ukinyonyesha?" nalo lilihitaji kazi. Mama alijibu ndiyo kwa sababu kweli alinyonyesha huku muuguzi yumo chumbani. Tukaliuliza upya: kuna aliyekaa kutazama mtoto anavyoshika titi, akakwambia kama yuko sawa au akakusaidia kumweka? Mama aliyesaidiwa halazimiki kufikiri. Mmoja alimpakata mwanawe palepale akatuonyesha: mdomo ufunguke wazi, mdomo wa chini ugeuke nje, kidevu kiguse titi, na weusi wa titi uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Alikuwa ametaja dalili zote nne za kushika titi vizuri bila kuulizwa hata moja. Msaili akaandika ndiyo kwa moyo mweupe.

8 Machi: sampuli

Kusaili akina mama wanapotoka kliniki tulikukataa mapema. Asiyekuja kliniki hayumo, na huyo ndiye swali letu.

Tulilinganisha njia mbili za kaya kwa kaya. Ya kwanza ni ile ya makundi 30, kila kundi watoto 7, iliyozoeleka kutoka kwenye chanjo. Inatoa namba moja nzuri ya eneo zima, ila msimamizi wa upande wa mashariki hajui kwake kukoje. Ya pili ni LQAS, mbinu ya sampuli ndogo inayoamua tu kama eneo limefikia lengo au la; kila eneo la usimamizi huchukuliwa watu 19. Tumechagua hii, maana tunataka kila msimamizi aondoke na jibu lake.

Kwa anayeiga: ukilenga asilimia 80, kigezo cha uamuzi kwa watu 19 ni 13. Wakifikiwa 13 au zaidi, eneo linapita. Eneo lililo kweli kwenye 80 lina uwezekano wa chini ya asilimia 10 kuangushwa kwa bahati mbaya, na eneo lililo kwenye 50 lina uwezekano wa chini ya asilimia 10 kupita kwa bahati nzuri. Kati ya 50 na 80 kipimo hakina meno, na msimamizi aambiwe hivyo waziwazi. Mtu asichukue 14 kati ya 19 akaitangaza kuwa asilimia 74 ya eneo lake. Asilimia hutafutwa baada ya kuunganisha: maeneo matano yanatoa watu 95, na hapo makosa ya sampuli ni takriban asilimia 10 juu au chini, mradi kila eneo lipewe uzito kulingana na idadi ya watu wake.

Tuna makundi mawili ya umri, miezi 0 hadi 5 na miezi 6 hadi 23, kwa hiyo ni 19 mara mbili kwa kila eneo. Hapa ndipo gharama ilipopanda. Watoto wa miezi 0 hadi 5 ni kama robo tu ya walio chini ya miaka miwili. Msaili anampata wa miezi 14 nyumba ya pili, kisha anatembea mchana kutwa akimtafuta mchanga. Panga bajeti ya miguu kwa ajili ya kundi dogo.

Umri tunauchukua kwenye kadi ya mtoto. Pasipo kadi tunatumia kalenda ya matukio ya eneo. Tulilazimika kufanya hivyo kwa sababu majibu ya mdomo yanarundikana kwenye miezi 6 na 12, na mtoto wa miezi mitano anayeitwa wa sita anahamia kundi lingine na maswali mengine.

27 Machi: nyumba zilizofungwa

Kuzungusha kalamu katikati ya kijiji na kufuata inakoelekea tulikuachia njiani siku ya kwanza. Nyumba za karibu na katikati zinapata nafasi kubwa kuliko za pembeni, na za pembeni ndizo ziko mbali na kituo. Sasa tunachora ramani na mwenyeji, tunagawa kijiji vipande vyenye nyumba zinazokaribiana kwa idadi, tunachagua kipande kwa kura, kisha tunaorodhesha kaya zote za kipande hicho.

Nyumba iliyofungwa hairukwi. Inarudiwa jioni, na ikishindikana, mwisho wa wiki. Wasaili walilalamika, na usafiri wa kurudi umekula fungu kubwa kuliko kitu kingine chochote. Lakini mama asiyekuwepo saa nne asubuhi yuko kazini au shambani, na kwa sababu hiyohiyo hakuwepo siku mhudumu alipopita. Tukimruka, tunamruka kwa mara ya pili.

Tulipokuta mtoto analelewa na bibi au shangazi, tulimsaili yeye. Dodoso la awali liliandikwa "mama" kila mahali. Limebadilishwa kuwa "mlezi", isipokuwa maswali ya kujifungua.

Kuna pengo ambalo hatukuliziba. Tunaorodhesha watoto walio hai. Familia zilizofiwa na mtoto mchanga hazimo, na huenda ndizo zilizofikiwa kidogo zaidi, kwa hiyo namba yetu ya siku za mwanzo inaweza kuwa inaegemea juu. Kuingia kwenye msiba na dodoso la ulishaji tuliona si utu.

16 Aprili: fomu iliyowameza waliojifungulia nyumbani

Dosari kubwa kuliko zote ilikuwa ndani ya simu ambazo wasaili wanajazia dodoso. Fomu ilikuwa na amri: mlezi akisema alijifungulia nyumbani, ruka sehemu ya siku mbili za mwanzo, kwa kuwa sehemu hiyo ilitungwa ikifikiria wodi. Programu ya uchambuzi ikaona nafasi tupu, ikaziondoa. Waliobaki chini ya sehemu ni waliojifungulia kituoni peke yao, na asilimia ikapanda bila mtu yeyote wa ziada kufikiwa.

Iligunduliwa na mchambuzi wetu aliyezoea kuandika chini ya kila asilimia idadi ya waliojibu. Kwenye mstari mmoja idadi hiyo ilikuwa ndogo kuliko jumla ya watoto, na hakukuwa na sababu.

Pendekezo la haraka lilikuwa kuwajazia wote sifuri. Tulilikataa, na vizuri tulilikataa. Tuliporudi kwa walezi hao tuliwakuta waliotembelewa na mhudumu wa jamii kesho yake, na aliyesaidiwa na mkunga wa jirani kumweka mtoto titini. Sifuri ingekuwa uongo mwingine, wa upande wa pili.

Sasa kila swali la ufikiaji linaulizwa kwa kila mlezi wa umri husika, popote alipojifungulia. Kabla ya fomu kutoka ofisini, mtu asiyeiunda anaijaza kwa mifano migumu: aliyejifungulia njiani, mwenye mapacha, mtoto anayelelewa na bibi. Ni kazi ya nusu siku. Kuwarudia walezi wale kulituchukua muda mrefu zaidi, na subira yao, ambayo hainunuliki.

30 Mei: kusoma matokeo

Tuliweka ngazi tatu juu kwa chini kwa kila eneo. Ngazi ya kwanza karibu kila eneo lilipita. Ngazi ya pili yakaanza kuanguka. Ya tatu ilianguka hata katika eneo ambalo rejesta zake ndizo zilizokuwa zimejaa kuliko zote. Mwanya mpana ulikuwa baada ya miezi 6: walezi walikumbuka kuambiwa wanyonyeshe maziwa ya mama pekee, ila wachache walitaja lolote kuhusu mayai, nyama, mboga au idadi ya milo. Unasihi unafuata ratiba ya chanjo, na ziara za chanjo zinakuwa chache wakati huohuo mtoto anapoanza kula.

Tuliuliza pia nani mwingine nyumbani amewahi kusemeshwa. Baba, takriban hayupo. Bibi naye hayupo, na katika masimulizi ya wazi bibi ndiye aliyetajwa sana maji yalipoanza kupewa mtoto. Kwa hiyo "familia imefikiwa" tumeiondoa kwenye ripoti. Tunaandika "mlezi amefikiwa", kwa kuwa ndicho tulichopima.

Mtu mmoja wa mpango alitaka tulinganishe walionasihiwa na wasionasihiwa ili tuonyeshe unasihi unavyofanya kazi. Tulikuwa tumeuliza chakula cha jana, data ipo. Nilikataa isiingie kwenye ripoti kwa namna hiyo. Mama mwenye shida ndiye anayemtafuta mnasihi, na mhudumu mzuri humrudia mtoto aliyedhoofu, hivyo walionasihiwa wanaweza kuonekana wabaya kuliko wenzao. Utafiti wa ufikiaji haukuundwa kujibu swali hilo.

Wasimamizi walipokea karatasi zao uso kwa uso, kila mmoja na eneo lake, kabla ya mtu wa juu kuziona. Msimamizi wa eneo lililoanguka hakubisha. Aliomba orodha ya vipande tulivyosaili. Ikaonekana viwili vyake viko ng'ambo ya mto, na mhudumu wake anaishi upande huu. Majina ya walezi hatukumpa. Vipande vilimtosha.

18 Juni: kwa raundi ijayo

Dodoso limepunguzwa, maswali ya vipeperushi yametoka. Limeongezwa swali la mlezi aliyesema hapana: je, alitafuta msaada akaukosa, au hakujua kuna wa kumwuliza? Kituo chenye safu ya wino mmoja kimekubali kujaribu rejesta yenye mahali pa kuandika jambo moja walilokubaliana na mama. Mhudumu wa pili ameteuliwa ng'ambo ya mto na yuko mafunzoni. Kipimo cha pili kitafanyika msimu uleule wa mwaka ujao, ili kazi za shamba na barabara ziwe kama zilivyokuwa, na vipande vitapigiwa kura upya.